Meno ya Mbele ya Mwanetu: Si ya Kungoja Yatoke Yenyewe



Leo tunaomba tuweke pembeni magauni, hina na singo, tuzungumze meno ya watoto. Tunajua wengi mnaotusoma bado hamjaolewa, au ndoa ina miezi miwili, na mtasema meno ya watoto yanatuhusu nini sisi. Yanawahusu, shoga. Ukijaaliwa mtoto, jino la kwanza litachungulia akiwa na miezi sita hivi, na wapo watoto ambao meno ya mbele yanaanza kuoza hata miaka miwili hawajatimiza, wakati mama bado anawaonyesha wageni albamu ya harusi.

Sisi ni wawili, mtu na wifi yake. Tuna chumba cha cherehani hapa Tukuyu mjini, wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya. Tunashona magauni ya harusi, ya watoto, majuba ya madrasa, na vitambaa vingine tunaviagiza huko kwenu Darajani. Elimu yetu ni sekondari na kozi ya ushonaji. Udaktari hatukusomea, kwa hiyo ya kitabibu tutakayoyasema ni yale tuliyoelezwa na wataalamu na tuliyoyaona kwa macho yetu mdomoni mwa mtoto. Mtoto mwenyewe tunaye mmoja kati yetu. Nani kamzaa haina haja, maana pale dukani wote wawili anatuita mama.

Alikuwa na miaka mitatu na nusu. Siku moja alikuja bibi harusi kujaribu gauni lake, na mwanetu alikuwa ameshonewa kigauni kinachofanana nalo, kwa kuwa ndiye aliyepangwa kutangulia mbele na maua. Akasimama juu ya stuli, akazunguka, akacheka. Bibi harusi akasema mashaallah, kisha akatuvuta pembeni akanong'ona kama hakuna mtoto mwingine wa kushika maua, maana huyu akicheka meno yake yataharibu picha. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ameshalipa mpiga picha kutoka Mbeya, na bibi harusi mwenye wiki mbili kabla ya siku yake kila kitu anakiona kwa jicho la kamera. Lakini chumba chetu ni kidogo, na watoto wana masikio. Kuanzia siku ile mtoto akawa akicheka anaweka kiganja mdomoni.

Tuwaelezee yalivyokuwa. Meno manne ya mbele ya juu ndiyo yaliyokuwa yameliwa. Mawili ya katikati yalibaki visiki vya rangi ya kahawia, moja likiwa nusu na jingine karibu limefikia ufizi. Ya pembeni yake moja lilikuwa na tundu kubwa na jingine doa dogo. Ya chini yote manne meupe pee, kama si mdomo mmoja. Tulidhani labda ya juu yalizaliwa dhaifu. Daktari alikuja kutueleza baadaye kwamba mtoto anaponyonya, ulimi unayafunika meno ya chini, na mate yanayotoka chini ya ulimi yanayaosha. Ya juu hayana wa kuyakinga. Usiku mate yanapungua, na kitu chochote chenye sukari kilichobaki kwenye ufizi wa juu kinakaa hapo mpaka asubuhi, vijidudu vinakula sukari na kutoa asidi, na asidi inalila jino. Ndiyo maana ugonjwa huu una sura moja kila mahali, uwe Tukuyu, uwe Wete.

Dalili ya kwanza haina weusi wala tundu. Ni mstari mweupe usiong'aa, kama chaki, unaopita kwenye jino karibu na ufizi. Ukiwa na mtoto mdogo, leo jioni mkalie karibu na dirisha, mnyanyue mdomo wa juu kwa kidole, utazame. Hilo tu. Mstari huo ukiuona mapema, mswaki na dawa yenye floridi vinaweza kuusimamisha kabla halijatoboka.

Sasa Tukuyu ni mji wa baridi na mvua. Mvua hapa karibu haina likizo, na mwezi wa sita na wa saba mtu unalala na blanketi mbili. Tumezungukwa na chai, ndizi na ng'ombe wa maziwa, basi mtoto akilia usiku anapewa kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari, ya moto, apate joto alale. Ni mapenzi yale. Hakuna bibi wa Rungwe atakayemwacha mjukuu atetemeke. Na maziwa peke yake hayana neno kubwa, ni vijiko viwili vya sukari vinavyoingia ndani yake saa nne usiku, kisha mtoto analala bila kusukutua. Huko visiwani mna chai yenu ya usiku pia, mna juisi za rangi na ule ubuyu uliokandwa kwa sukari ambao mtoto anaumung'unya mchana kutwa. Daktari alituambia jambo ambalo hatukulitegemea: ubaya wa sukari uko zaidi katika mara ngapi kwa siku inaingia mdomoni kuliko katika wingi wake. Pipi moja inayonyonywa saa nzima ina madhara kuliko kipande cha keki kinacholiwa kikaisha.

Ushauri tulioupata mtaani ulikuwa wa aina tatu. Bibi yake alisema hayo ni meno ya utoto, mwacheni, yatatoka yenyewe. Jirani akasema ng'oeni yote manne mpumzike. Na mama mmoja, mteja wetu, akasema huenda mtoto alikuwa na meno ya plastiki ambayo hayakutolewa mapema, na sumu ndiyo imeoza mengine.

Hili la plastiki tuligusie kidogo kisha tuliache, maana linatuuma. Wengine huyaita meno ya nailoni. Imani hii imesikika Tanzania tangu miaka ya 1980. Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, anapelekwa kwa mtu anayechimba ufizi kwa kitu chenye ncha na kutoa kitu laini cheupe, akisema ndiyo ugonjwa wenyewe. Kile cheupe ni jino la chonge la mtoto ambalo halijakomaa. Watoto wamevuja damu, wamepata maambukizo, na wengine wameharibiwa hadi chonge za ukubwani. Kuharisha kwa mtoto kunatibiwa kwa maji ya chumvichumvi ya ORS na zinki na kumwahisha kituo cha afya. Tumemaliza.

Turudi kwa bibi na "yatatoka yenyewe". Ni kweli yatatoka. Swali ni lini. Mtoto ana meno ya utoto 20. Yale mawili ya mbele ya juu hutoka kwenye miaka sita hadi saba, ya pembeni yake saba hadi nane, na magego ya utoto yanakaa mpaka miaka kumi au kumi na mbili. Mwanetu alikuwa na mitatu na nusu. Kwa hiyo kungoja kulimaanisha kumwacha na visiki vile miaka miwili na nusu au zaidi, akila navyo, akilala navyo, akienda navyo madrasa.

Tulimpeleka kwanza kituo kimoja ambacho hatutakitaja. Aliyetupokea alimwangalia mtoto kama unavyotazama saa ya ukutani, akasema meno ya maziwa hayazibwi, mrudisheni akivimba tumng'oe. Hatukupewa dawa ya meno, hatukuambiwa habari ya chai ya usiku, hatukuambiwa kuna njia nyingine. Tukarudi dukani. Wiki kadhaa baadaye mtoto akaamka mdomo wa juu umevimba, macho mazito, homa, na kwenye ufizi juu ya kile kisiki kifupi kuna kijipu kama punje ya mtama. Siku ile hatukungoja tena. Tukafunga duka, tukapanda gari asubuhi, tukapanda mlima kwenda Mbeya, kilomita 70 hivi, tumempakata kwa zamu.

Harusi ilifanyika wiki ile ile. Maua alishika mtoto mwingine, na kigauni kilimfaa kwa kupunguzwa kiunoni.

Huko Mbeya tulikutana na daktari aliyefanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake: alisema tuyaangalie moja moja. Hakusema meno ya mbele yafanyweje. Alisema hili lina usaha, hili lina uhai, hili lina tundu, hili lina doa, kila moja lina njia yake. Dada zetu, katika yote tunayoandika leo hili ndilo tunalotaka lishike. Ukifika kwa daktari ukaambiwa "yote yang'olewe" au "yote yaachwe", muulize kwa adabu, jino kwa jino, lipi linawezekana nini. Mdomo una meno manne mabovu lakini si lazima yawe yana ugonjwa wa hatua moja.

Namna alivyomtazama nayo ilitufurahisha. Alikaa kwenye kiti, mmoja wetu akakaa mbele yake magoti yakigusana, mtoto akamkalia mama miguu huku na huku kiunoni, kisha akalazwa chali kichwa kikaingia mapajani mwa daktari. Mtoto anamwona mama yake muda wote, na mama anaishika mikono. Alilia, ndiyo. Lakini kulia kwake kuliufungua mdomo, daktari akacheka, akasema hii ndiyo taa yangu.

Lile lenye usaha halikuwa na mjadala. Maambukizo yakikaa kwenye mzizi wa jino la utoto yanaweza kuliharibu jino la ukubwa linaloumbwa juu yake, likaja kutoka na doa la njano au gamba lililoshimika. Likang'olewa, kwa ganzi, baada ya homa kushuka. Tukauliza kwa hofu kama nafasi itajifunga, meno ya ukubwa yakose pa kukaa. Akatuambia kwa meno ya mbele, kama chonge zimeshatoka, nafasi haijifungi sana. Magego ndiyo yakitolewa mapema yanaleta msongamano. Basi tuliloogopa halikuwa la kuogopa sana, na tusilolijali, yaani magego ya nyuma yaliyokuwa yameanza vidoa, ndilo alilolishupalia.

La katikati lililobaki nusu lilikuwa bado na uhai, na la pembeni lenye tundu kubwa pia. Haya yakapata kofia. Jinsi inavyofanyika tuwaeleze, maana sisi tuliitazama kama tunavyotazama mshono mgeni. Kuna kiganda chembamba sana cha plastiki kinachoona, kimeumbwa kama jino la mtoto. Daktari anaukwangua uozo wote, lile lililooza ndani zaidi akalitibu kiini kwanza, anapaka asidi kidogo ili uso wa jino ukwaruzike na kijazio kishike. Anakijaza kile kiganda kijazio cheupe, laini kama unga uliokandwa, anakivika juu ya kisiki, anamulika taa ya bluu kwa sekunde kadhaa mpaka kigumu, kisha anakichuna kiganda anakitupa. Mnaodarizi mnajua: unatarizi juu ya karatasi, ukimaliza unaichana karatasi, ua linabaki kwenye kitambaa. Ni vile vile.

Shida ya kazi hii ni moja, nayo ni unyevu. Jino likiloa mate au damu, kijazio hakishiki, na baada ya mwezi kinadondoka. Ufizi wa mtoto mwenye meno mabovu unavuja damu ukiguswa tu. Kwa hiyo kofia hazikuwekwa siku ile. Tulirudishwa nyumbani wiki mbili tupige mswaki asubuhi na usiku mpaka ufizi upoe, na chai ya usiku ikatwe. Tulipoulizia kwa nini asiweke tu halafu tupige mswaki baadaye, akasema atakuwa amepoteza fedha yetu na machozi ya mtoto. Tunalirudia hili kwa wanaotaka kurekebisha meno ya mtoto kwa sababu ya harusi iliyo wiki ijayo: haiwezekani, na atakayekuahidi muogope. Kuna na kofia za zirkonia, nyeupe, ngumu, zinatoka kiwandani zimeshaumbwa, lakini bei yake iko juu na sisi hatukufika huko.

Mahali pasipo na mashine wala umeme wa uhakika kuna njia nyingine, na hii tulifurahi kujua ina asili ya nchini kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, daktari wa meno Mholanzi aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam, pamoja na wenzake, walianza kusafisha meno yaliyooza kwa vyombo vya mkono tu, mfano wa vijiko vidogo vyenye makali, bila kekee ya umeme, kisha wakaziba kwa saruji ya meno. Njia ile ikaenda kujaribiwa Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili, Shirika la Afya Duniani likaipigia debe kwa dunia nzima. Saruji inayotumika siku hizi huitwa glasi ayonoma, inashikana na jino hata pakiwa na unyevu kidogo, na inatoa floridi polepole. Hatusikii wengi wakijivunia hili. Lakini ina mpaka wake: kwa tundu dogo la gego inadumu vizuri, ila kwenye jino la mbele lililovunjika pande mbili haina pa kushikia, hudondoka mapema. Usimlaumu tabibu wa zahanati ikidondoka huko. Alifanya kwa alichonacho.

Lile la nne, lenye doa, lilipakwa dawa ya fedha na floridi. Inapakwa kwa kibrashi, dakika moja au mbili, hakuna sindano, hakuna kukwangua. Inaua vijidudu na kuufanya uozo usimame. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na glasi ayonoma na dawa ya meno yenye floridi. Kasoro yake ni kwamba sehemu iliyooza inageuka nyeusi, nyeusi kweli, na haitoki. Hapa tulibishana sisi wenyewe kwa wenyewe kwenye benchi la hospitali. Mmoja aliona hatuwezi kumtoa mtoto kwenye kahawia tumpeleke kwenye nyeusi. Mwingine akasema doa liko pembeni, halionekani sana, na mtoto ameshachoka kulia. Tukapaka. Watoto wenzake wakimuuliza anasema hiyo imepakwa wanja, na hakuna aliyemcheka.

Jambo la hela tusilipite. Kofia moja ilitugharimu karibu sawa na mshono wa gauni moja la harusi, na zilikuwa mbili, ukiongeza nauli za safari tatu. Baba yake aliuliza, na lilikuwa swali la haki, kwa nini tutoe fedha hiyo kwa jino ambalo likifika miaka saba litatupwa juu ya paa. Hatukumjibu kwa hasira. Tulimwambia gauni la harusi linavaliwa siku moja na watu wanalikopea. Upatu wetu wa mwezi ule ulikuwa wetu, tukautoa. Kama huna uwezo huo, kung'oa lenye usaha na kupaka dawa yaliyobaki ni matibabu kamili, si matibabu ya maskini. Maumivu yanaisha, mtoto analala. Kinachobaki ni sura, na sura ni haki ya mtoto pia, lakini inaweza kusubiri kuliko usaha.

Kuna dada alituuliza kama kumwekea mtoto jino la kutengeneza si kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Sisi si wanazuoni, tukampelekea swali ustadhi wetu. Akatukumbusha habari ya sahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua vitani, akaweka ya fedha ikanuka, Mtume swalla Allahu alayhi wasallam akamwamuru aweke ya dhahabu. Akasema lililokatazwa ni kuyachonga meno mazima kwa ajili ya urembo, kutibu kilichoharibika ni jambo jingine. Mwenye shaka amuulize sheikh wake.

Na ustadhi huyo huyo ndiye aliyetufungua macho kwa jambo tusilolifikiria. Mtoto alikuwa ameanza kusoma herufi. Thaa, dhaali na dhwaa zinatoka pale ncha ya ulimi inapogusa ncha za meno ya mbele ya juu, na faa ni mdomo wa chini na meno hayo hayo. Kwenye visiki, thaa yake ilikuwa upepo. Watoto wengi huzoea hivyo hivyo, na meno ya ukubwa yakija matamshi hurudi, hakuna haja ya kuogopa. Ila baada ya kofia alisoma kwa sauti. Kabla yake alikuwa ananong'ona, kiganja mdomoni, na mwalimu alidhani hajui.

Kuhusu kunyonyesha, tusije tukasikika tumesema lisilo. Miaka miwili kamili imetajwa kwenye Suratul Baqara, aya ya 233, na daktari wetu hakututaka tuipunguze hata siku. Alisema meno yakishatoka na mtoto akawa anakula vitu vingine, yafutwe au yapigwe mswaki kila usiku kabla ya kulala, na baada ya hapo asipewe kitu chenye sukari. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu, dawa ya meno yenye floridi kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia mitatu, punje ya njegere. Mzazi ndiye anayepiga mswaki, si mtoto, mpaka afike miaka saba au minane, maana mkono wake bado haujui. Na tahniki ya tende siku ya kuzaliwa haina ubaya wowote, mtoto hana jino hata moja. Ubaya ni chuchu bandia iliyochovywa asali au sukari inayoendelea baada ya hapo. Asali hasa, mtoto chini ya mwaka mmoja haruhusiwi kabisa, kwa sababu nyingine za kiafya.

Nyumbani kwetu mswaki umefungwa na sala ya isha. Tukimaliza sala, mtoto anapanda kitandani anaweka kichwa mapajani mwetu kama kwa daktari. Mara nyingine anakataa, tunampigia akilia. Chai ya maziwa bado anakunywa, kwa kuwa huku ni Tukuyu, lakini ni ya asubuhi, pamoja na chakula. Bibi yake alichukua muda kukubali. Sasa ndiye anayetukumbusha, na akija mjini anamnyanyua mjukuu mdomo mbele ya wateja kuonyesha kazi ya Mbeya kana kwamba yeye ndiye aliyelipa.

Kofia moja ilivunjika baada ya miezi minane. Muwa. Tulikuwa tumeambiwa muwa hapana, na hindi la kuchoma akatiwe lisiumwe kwa meno ya mbele, lakini mtoto wa Rungwe na muwa nani atawatenganisha. Ikawekwa upya. Ile nyingine bado imeshika. Pengo liko pale pale, na yeye amelizoea, anapitishia mrija wa maji. Mwezi ujao tunarudi kwa uchunguzi, zaidi kwa ajili ya magego, maana akifika miaka sita gego la kwanza la ukubwa litaota nyuma ya yote bila kung'oka jino lolote, na mama wengi hulidhania la utoto wakaliacha lioze. Wenye watoto wa umri huo waangalieni huko nyuma, meno ya sita kuhesabu kutoka katikati.

Mwenye swali la gauni au la meno atuandikie. La gauni tutajibu sisi, la meno tutakwenda kuuliza.

Wassalaam alaykum.